Mko wanne na nyuzi zenu? Anzeni kupiga muziki mpya bila kununua nota

Meseji ninayoipata mara nyingi kuliko zote inafanana hivi: "Kaka habari, sisi tuko wanne, vayolini mbili, viola na selo, tumechoka kupiga Pachelbel kwenye maharusi, tunataka kitu kipya ila nota bei mbaya, tufanyeje?" Nilikuwa najibu mmoja mmoja mpaka vidole vikachoka, kwa hiyo leo naandika yote hapa, anayeuliza tena namtumia hii.

Jibu fupi: ingieni tovuti ya Kronos Quartet, tafuteni mpango wao wa Fifty for the Future, chukueni nota bure. Jibu refu ndo linafuata, manake kuzipata nota ni kazi ya dakika kumi tu, kuzifanya zisikike kama muziki ndo kuna shughuli, na hapo ndo wengi wanakwama wanaanza kusema ooh muziki wa kisasa mgumu, wakati shida ni kwamba walianza na macho badala ya masikio. Hilo nitalirudia mpaka mnichoke.

Kwanza mjue hawa jamaa ni nani, ukijua walikotoka utajua namna ya kuutumia mzigo wao. Kronos ni kwateti ya nyuzi, yaani kundi la wanne kama nyinyi, iliyoanzishwa Seattle, Marekani, mwaka 1973 na mpiga vayolini David Harrington, baadae wakahamia San Francisco na mpaka leo wako huko. Nyuma yao kuna shirika lisilo la faida, linaitwa Kronos Performing Arts Association, na kazi yake ni kama miguu mitatu ya jiko: linatafuta hela za kuwaagiza watunzi waandike kazi mpya, kazi zikishaandikwa wanazipiga, afu wanazifundisha kwa vijana. Mpaka sasa kazi walizoagiza watungiwe au wapangiwe zimepita 1,000. Na hiyo safari yote ilianza na donati, sio utani, kazi ya kwanza kabisa Harrington aliagiza kwa mtunzi Ken Benshoof na malipo yalikuwa mfuko wa donati. Ukisikia mtu anasema sisi hatuna bajeti ya kumwagiza mtunzi, mkumbushe hiyo.

Kilichomfanya Harrington aanzishe kundi ni kusikia redioni kazi ya George Crumb inayoitwa Black Angels, ya mwaka 1970, iliyoandikwa kipindi cha vita ya Vietnam. Kwateti ya umeme, wapigaji wanagonga sahani kubwa ya chuma (gong), wanapitisha upinde kwenye glasi za maji, na kuna sehemu wanahesabu namba kwa sauti kwa lugha mbalimbali, Kijerumani, Kirusi, Kijapani, na Kiswahili kimo! Yaani wazungu wanne kwenye jukwaa lenye giza wanahesabu kwa lugha ya bibi yako. Mimi nilivyoisikia mara ya kwanza nikarudisha nyuma mara tatu nikidhani masikio yananidanganya.

Na sio hapo tu wametugusa. Mwaka 1992 walitoa albamu ya Pieces of Africa, yote ni watunzi wa Afrika, na ikafika juu kabisa kwenye chati za Billboard za muziki wa klasiko na za muziki wa dunia. Humo ndani kuna Mganda, Justinian Tamusuza, mtu wa Makerere, kazi yake inaitwa Ekitundu Ekisooka, maana yake kwa Kiganda ni kipande cha kwanza, ni mwanzo wa kwateti yake ndefu zaidi kuhusu Njia ya Msalaba. Kuna Hamza El Din wa Nubia na kazi yake ya gurudumu la maji, kuna Dumisani Maraire wa Zimbabwe. Kwa hiyo mtu akikwambia kwateti ni mambo ya Vienna peke yake, mpe hiyo albamu afu muongee jioni.

Sasa Fifty for the Future. Ulianza msimu wa 2015/16, Carnegie Hall wakiwa washirika wakubwa, mpango ulikuwa kazi 50, kumi kwa mwaka kwa miaka mitano, nusu watunzi wanawake nusu wanaume, 25 kwa 25. Na hizi hazikuagizwa kwa ajili ya mabingwa, ziliagizwa kwa ajili ya wanafunzi na makundi yanayoanza, ndo maana kila kazi imewekwa na nota nzima, karatasi ya kila chombo, rekodi ya Kronos wenyewe wakipiga, na maelezo ya mtunzi, nyingine zina na video za mahojiano. Mnapewa kila kitu bure. Sijui kama watu wanaelewa uzito wake, nenda dukani ukaulize seti ya nota za kwateti ya mtunzi aliye hai ndo utaelewa.

Haya, kazi ianze.

Mkikutana siku ya kwanza msichukue vyombo. Ndio nimesema msichukue. Mtu mmoja mwenye Wi-Fi ya uhakika adaunlodi rekodi za kazi tano sita hivi, awarushie wenzake kwa bluetooth au kwenye grupu la wasap, bando la kila mtu lisiishe bure. Sikilizeni wiki nzima, kwenye daladala, jikoni, popote. Afu mkutane kila mtu aseme ipi ilimganda kichwani. Msichague kwa kuangalia karatasi ipi ina nota nyeusi chache, huo ndo mtego, kuna kazi kwenye karatasi inaonekana kama somo la darasa la pili na ukiipiga unatoka jasho.

Mimi nawapa maoni yangu, ni maoni tu lakini nimeyalipia kwa aibu za kutosha.

Kama hamjawahi kupiga muziki mpya kabisa, anzeni na My Desert, My Rose ya Aleksandra Vrebalov, mtunzi mwenye asili ya Serbia. Hii haina bar za kuwafunga, yaani ile mistari inayogawa hesabu ya mdundo, kila mpigaji ana vipande vyake, mwenyewe unaamua unakirudia kwa muda gani, kwa kasi gani, kwa nguvu gani, ila lazima uwe unawasikiliza wenzako la sivyo inakuwa fujo la soko la samaki. Hakuna wa kupotea manake hakuna hesabu ya kupotezea. Wale waliolelewa kwenye kwaya hii inawashtua mwanzoni, wanauliza "sasa naingia lini?", unaingia ukisikia pamekupa nafasi, basi.

Ya pili napendekeza Tegere Tulon ya Hawa Kassé Mady Diabaté wa Mali. Huyu ni mwimbaji, binti wa mwimbaji mashuhuri Kassé Mady Diabaté, na kazi yenyewe imetokana na michezo ya makofi ya wasichana kule kwao. Michezo ya makofi! Kuna dada gani hapa hakuicheza uwanjani wakati wa mapumziko shuleni? Kwa hiyo kabla hamjagusa upinde, simameni mduara mpige makofi midundo yake, mchekane, mkoseane. Kundi moja nililolisaidia walipiga makofi siku mbili nzima, mzazi mmoja akaja kumchukua mtoto akauliza hivi nalipia ada ya vayolini au ya makofi. Siku ya tatu walivyochukua vyombo mdundo ulikuwa umeshakaa mwilini, wakabaki na kazi ya vidole tu.

Ya tatu, Sunjata's Time ya Fodé Lassana Diabaté, mpiga balafoni (marimba ya Afrika Magharibi) wa Mali. Inahusu Sunjata Keita aliyeanzisha dola ya Mali karne ya 13. Vipande viko vitano, vinne vya mwanzo kila kimoja kinamchora mtu mmoja wa karibu na Sunjata na kinaongozwa na chombo kimoja, cha tano wote mnakuwa sawa. Naipenda kwa kundi lenye ile shida ya kila kundi, yaani vayolini ya kwanza ndo bosi na mtu wa viola hajawahi kusikika tangu azaliwe. Hapa kila mtu ana zamu yake ya kuongoza, hakuna pa kujificha. Ila angalieni, balafoni ni mbao inagongwa, sauti inatoka ghafla na kufa haraka, kwa hiyo upinde wenu uwe mfupi na uanze na ncha kali, mkivuta kwa mbwembwe za nyimbo za mapenzi mnaiua.

Satellites ya Garth Knox iacheni mpaka mkono wa kulia uwe umekomaa. Ina vipande vitatu na kile cha mwisho upinde unaenda kila upande, juu chini, duara, mpaka kuuchapa hewani. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu ni ya kutazama pia, sio kusikia tu, na kwa kufundisha mkono wa upinde sijaona kitu kizuri kama hicho. Enthusiasm Strategies ya Missy Mazzoli imejaa zile sauti za filimbi, unagusa uzi bila kuukandamiza, chombo cha bei rahisi huwa hakizitoi vizuri, jaribuni kwanza kabla hamjajiahidi kwa watu. Sivunittinni ya Tanya Tagaq ni uimbaji wa koo wa Wainuit, wenyeji wa asili wa Kanada, umehamishiwa kwenye nyuzi, unasaga, unakoroma, ni tamu balaa lakini nywele za upinde zitalia, na nywele mpya huku kwetu unajua mwenyewe zinapatikana kwa taabu gani. Philip Glass na Quartet Satz yake, kila mtu anaikimbilia kwa sababu ya jina na kwa sababu inaonekana inajirudiarudia tu. Ndo hiyo niliyosema mnatoka jasho. Kuhesabu marudio bila akili kutangatanga ni kazi ngumu kuliko nota za haraka.

Halafu kuna At the Purchaser's Option ya Rhiannon Giddens. Hii msiichukue kama zoezi. Imetokana na tangazo la zamani la Marekani la kuuza mwanamke mtumwa, ana mtoto wa miezi tisa, na tangazo linasema mtoto ni hiari ya mnunuzi, akitaka amchukue akitaka amuache. Nilishawahi kuisoma hiyo habari kwa sauti mbele ya wanafunzi Bagamoyo, mji wenyewe unajulikana historia yake, hakuna aliyeongea kwa muda, afu wakaipiga kuliko walivyowahi kupiga kitu chochote. Kama mnaipiga mbele ya watu, semeni imetokana na nini kabla ya kuanza, dakika moja tu inatosha.

Mkishachagua nendeni steshenari mkaprinti, na hapa kuna kosa nimelifanya mimi mwenyewe kwa hiyo lisikieni vizuri. Karatasi za Marekani sio A4, ni fupi kidogo na pana kidogo, na mafaili ya nota mara nyingi yana saizi zake. Ukimwambia kijana wa steshenari "printi tu", anaprinti kwa saizi yake, na mstari wa chini unakatwa. Sisi tulifanya mazoezi wiki mbili tunajiuliza mbona selo ana mapumziko marefu kila mwisho wa ukurasa, kumbe mstari mzima haupo! Mwambie aweke ile ya kutosheleza ukurasa, au printi A3 kama macho hayako vizuri. Hesabuni mistari mlinganishe na nota nzima kabla hamjatoka dukani. Ukurasa usioweza kugeuzwa bila kuacha kupiga, kateni mbandike kwa selotepu kwenye boksi, msitegemee kugeuza kwa kasi, feni ya ukumbini ina mambo yake. Na kila mtu, hata kama anapiga karatasi yake tu, awe na nota nzima kwenye simu au tableti nyumbani, ukiona mwenzako anafanya nini ukiwa umenyamaza ndo unajua unaingia wapi.

Mazoezi sasa. Msipige kutoka mwanzo mpaka mwisho kila siku, huko ni kujifurahisha. Chukueni sehemu moja, wawili wapige wawili wasikilize, mbadilishane. Metronomu ya kwenye simu iwekwe nusu ya kasi, na ikibidi mtu mmoja aiache vayolini agonge mdundo mezani. Rekodini na simu mwisho wa kila zoezi, msisikilize hapohapo, sikilizeni kesho yake, hasira zikiwa zimepoa.

Kwenye midundo iliyosukana kuna siri ambayo Waganda wanayo siku zote. Kwenye amadinda, ile marimba ya magogo 12, mtu wa kwanza anapiga okunaga, wa pili anaingiza nota zake katikati ya za mwenzie, okwawula, na wimbo unaousikia haupo mkononi mwa yeyote kati yao, upo katikati. Wa tatu anachukua nota za juu kabisa, okukoonera. Ukimsikiliza mmoja peke yake unaona kama anagonga ovyo. Sasa nusu ya ugumu wa muziki mpya ni huohuo, kila mtu anaangalia karatasi yake anaona upuuzi, anaanza kukata tamaa, wakati wimbo upo katikati yenu. Kwa hiyo tafuteni nota za mwenzako unazopaswa kuziingilia, uziimbe za kwake huku unapiga za kwako. Kazi ya Tamusuza niliyoitaja juu imejaa hiyo akili, ila hiyo haimo kwenye zile 50, nota zake ni za kutafuta na kununua.

Wale wenzetu wa Zanzibar mna faida nyingine ambayo hamuisemi. Mpiga fidla wa taarab anasikia vipande vya sauti vilivyo katikati ya nota za piano, amevikuta kwenye maqam, zile skeli za Kiarabu za taarab, tangu mtoto, wakati mwanafunzi wa chuo cha muziki inabidi afundishwe mwaka mzima. Kwenye hizi 50 kuna kazi za watu wa Azerbaijan na Iran, Franghiz Ali-Zadeh na Aftab Darvishi, zijaribuni muone zinavyokaa mkononi. Mzee mmoja wa fidla kule Mji Mkongwe nilimsikilizisha ile ya koo ya Wainuit akanikunjia uso, "Mwanangu, huyu anapiga au anasaga karafuu?" Nikamwambia shikamoo mzee, subiri ya pili. Ya Ali-Zadeh ilivyoanza akachukua fidla yake akaifuata bila nota, mwanzo mwisho, mimi niliyesomea nikabaki nashika mkoba.

Alama msizozijua kwenye karatasi msiziruke. Kwa kawaida ukurasa wa mwanzo wa nota nzima una maelezo ya kila alama, watu hawausomi wanakimbilia nota, afu wanakuja kuniuliza. Zinazotokea sana: kupiga karibu kabisa na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, sauti inakuwa ya kioo kioo, inakwaruza, na hiyo ndo inatakiwa, usiisafishe, kupiga juu ya ubao wa vidole, sauti inakuwa ya pumzi, kupiga na mti wa upinde badala ya nywele, hapo tumia upinde wa zamani, usiharibu mzuri, na kudonoa uzi kwa nguvu mpaka ugonge ubao. Hiyo ya mwisho inakata nyuzi, hasa uzi wa E, na ukiwa Dar au Mombasa na ile hewa ya chumvi nyuzi zinachoka haraka, muwe na seti ya akiba, sio mje kukimbizana siku ya onyesho.

Onyesho lenyewe msijaze saa nzima ya vitu vigeni, mtawakimbiza watu na wasirudi. Wekeni kazi moja mpya, mbili mkizidi, katikati ya vitu wanavyovijua. Tuliwahi kufanya kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, mhusika akatuambia watu watakuwa kimya, kumbe ukuta wa pili kuna sendoff inaendelea na MC ana maiki mbili. Ile kazi ya Vrebalov ikatuokoa, manake haina bar, tukawa tunasubiri MC avute pumzi ndo tunaingia, watu wakadhani ndivyo ilivyoandikwa. Kwa hiyo nendeni mkauangalie ukumbi siku na saa ileile wiki moja kabla. Kanisa lenye dari refu ni zuri kwa kazi za taratibu, baya kwa za midundo, mwangwi unazifanya uji.

Nota kuwa bure haimaanishi haki zote ni bure. Kudaunlodi na kufanya mazoezi ni kitu kimoja, kupiga kwa kiingilio ni kingine, kurekodi na kuweka Yutubu ni kingine kabisa. Someni masharti kwenye ukurasa wa kazi husika, msipoelewa waandikieni barua pepe ya mistari minne, semeni mko wapi, mnapiga nini, lini, kiingilio shilingi ngapi. Tunalalamika kila siku nyimbo zetu zinaibiwa, na sisi tusiwe wale wale.

Mpaka hapo mmepiga. Sasa sehemu ninayoitaka zaidi mimi, mumwagize mtunzi wenu.

Mtaniambia hatuna mtunzi anayeandika kwateti. Hebu rudini muangalie majina niliyotaja, mpiga balafoni, mwimbaji wa michezo ya makofi, mwimbaji wa koo. Hawa hawajatoka kwenye mila ya kuandika nota, wametoka kwenye mila ya kusikia, na Kronos walichofanya ni kumuweka mtu katikati, Jacob Garchik, mpiga tromboni na mpangaji, ndo anaihamishia kwenye vyombo vinne. Jina lake lipo kwenye kazi zote tatu hizo na ile ya Giddens. Maana yake ni kwamba fundi wa zeze wa Dodoma anaweza kuwa mtunzi wa kwateti yako, bibi anayejua nyimbo za unyago anaweza akiridhia, mzee wa nyatiti kule Siaya anaweza. Wewe tafuta Garchik wako, na huyo mbona wapo, walimu wa kwaya wetu wanaandika nota za sauti nne kila wiki, wanaandika usiku Jumamosi watu wanaimba Jumapili asubuhi. Sauti nne! Soprano, alto, tena, besi, ndo vayolini mbili, viola na selo hizo. Kinachowapungukia ni kukaa na nyinyi jioni tatu muwaonyeshe chombo kinafika wapi na hakifiki wapi.

Namna ya kuagiza, msifanye kwa maneno ya mdomo. Ukurasa mmoja unatosha: dakika ngapi, vyombo gani, nota zinafika lini (wekeni miezi miwili kabla ya onyesho, mtaletewa mwezi mmoja kabla), malipo kiasi gani, nusu mwanzo nusu zikifika, nani anamiliki, na kwamba nyinyi ndo mnapiga mara ya kwanza. Huyo fundi aliyetoa muziki alipwe na aliyeandika nota alipwe, wote wawili majina yao yawe juu ya karatasi. Tafadhali sana hapo. Tukianza kuandika "wimbo wa asili, umepangwa na fulani" wakati mzee mwenyewe yuko hai anakunywa chai kwake, huo ni wizi umevaa tai.

Hela je. Kuna shirika lingine New York, Bang on a Can, lilianzishwa 1987 na watunzi watatu, Julia Wolfe, David Lang na Michael Gordon, na mwaka 1997 wakaanzisha mfuko ambao watu wa kawaida wanachanga kidogo kidogo, zikikusanywa ndo mtunzi analipwa. Niliposoma nilicheka, manake hiyo si mchango tu jamani! Grupu la wasap, mweka hazina, orodha ya ahadi na orodha ya waliotoa, tunafanya kila wikiendi kwa ajili ya harusi za watu ambao hata majina yao ya ukoo hatuyajui. Fungueni grupu, semeni tunamuagiza fulani kazi ya dakika sita, kila aliyechanga jina lake litaandikwa kwenye karatasi ya programu ya onyesho na atakaa siti za mbele. Wekeni kiwango cha chini kidogo sana ili mwanafunzi naye awemo. Na mweka hazina asiwe mpiga chombo, nyinyi mna mazoezi.

Msiagize kumi kwa mwaka kama Kronos, agizeni moja. Mkiipiga vizuri irudieni mahali pengine, kazi kupigwa mara moja na kufia kabatini ndo ugonjwa wa muziki mpya duniani kote. Skanini nota, muwape na kundi lingine, Nairobi, Kampala, Arusha, wao wawape za kwao.

Na mkishapiga zile za Kronos mtumieni mtunzi rekodi, wengi wana barua pepe kwenye tovuti zao na wanajibu. Ila hakikisheni jina mmeliandika sawasawa kwenye programu. Mimi niliwahi kuandika Verbalov badala ya Vrebalov, nikaprinti kopi 80, nikalitambua kosa zikiwa zimeshagawiwa mpaka safu ya nne.